Siku Megafoni Yangu Ilipofukuza Wakwe wa Mama Neema

Sitaificha, juu hata nikiificha mutaisikia kwa motari wa kwanza atakayewabeba kwa pikipiki yake hapa Keshero, Goma: mimi njo ule bayeri, mwenye nyumba, aliyefukuza wageni wa watu kwa megafoni, muchana kweupe, siku ya Jumamosi, wakiwa wamevaa nguo zao za sherehe na vikapu kichwani. Wiki mbili nzima kisha ile siku sikuweza kupita kwenye mulango wa parseli, kiwanja changu mwenyewe, bila watu wa barabarani kuniita "Papa Kominike", nikawa ninazunguka nyuma kwa jirani, ninaruka mawe ya volkano na viatu mukononi kama mwizi wa kuku (mimi, mutu wa miaka hamsini na sita, mushauri katika parokia). Leo aibu imepoa kidogo. Mukae vizuri niwaelezee.

Kwanza mujue mimi ni nani. Mimi ni mutu wa Butembo, nilifika Goma kijana, nikauza misumari na mabati mpaka nikapata parseli, na ndani yake nikajenga nyumba ine za mbao za kupangisha na moja ya kukaa mimi na muke wangu, Mama Masika. Uwanja ni mumoja, tanki la maji ni moja, choo ni kimoja. Jamaa tano kwenye choo kimoja, hapo kunahitajika mwenye nyumba anayejua kusema na watu, na hapo njo shida yangu yote inaanzia, juu mimi siwezi kumwambia mutu neno gumu usoni. Dukani ninabishana na wachuuzi wakubwa mpaka jasho linawatoka, lakini niweke mbele ya lokateri wangu, mutu anayekaa ndani ya nyumba yangu na kuniambia "Papa Masika, umeamukaje?", midomo inakauka hapohapo. Siku moja nilienda kwa Mama Neema (mujane wa kutoka Masisi, mushonaji, anakaa nyumba ya karibu na mulango) kumwambia aache kumwaga maji ya sabuni kwenye njia. Nilikaa kule saa moja na nusu. Nilitoka na sahani ya maharagi mukononi, suruali yangu imeshonwa kwenye goti, na nimeahidi mimi mwenyewe kuchimba mufereji.

Basi nikasema nitafute njia ya kusema bila uso. Nikaandika karatasi, nikazibandika kwenye mulango wa choo: mvua ikala maneno, na zile zilizobaki watu wakazitumia kwa kazi inayofanyika chooni. Nikafungua kikundi kwenye simu, nikawatia lokateri wote ndani, nikaandika tangazo refu juu ya usafi wa uwanja, nikangoja tangu asubuhi mpaka jioni, na jibu lililokuja lilikuwa moja tu, la Mwalimu Yosue wa nyumba ya nyuma: "Amina."

Kisha nikaenda soko. Kule nikamuona muuza dawa ya panya amekaa juu ya gunia, anakula mukate na avoka, hafungui kinywa ila kwa kutafuna, na pembeni yake megafoni inamufanyia kazi: "Dawa ya panya, dawa ya mende, panya anaonja, panya analala!" Ikimaliza inarudi mwanzo. Watu wanakuja, wananunua, hakuna anayebishana naye, juu utabishana namna gani na chuma? Nikasimama pale kama mutu aliyeonyeshwa mbingu. Rafiki yake alikuwa na ingine ya kuuza, ilikuwa imetumika lakini sauti nzima, na akaniambia, "Papa, ile butoni nyekundu usiiguse sana." Sikuuliza juu ya nini, nikalipa nikaibeba. (Kama ningekuwa mutu wa kuuliza, hii habari yote isingekuwepo.)

Ile wiki maji ya bomba yalikuwa machache na wageni wa watu walikuwa wengi, nikawa na maneno matatu ya kusema. Nikajifungia chumbani, nikatafuta sauti ya watangazaji wa redio, ile ya kusoma vifo, nikabonyeza, nikasema:

"Kominike! Kominike! Kwa lokateri wote wa parseli. Maji ni kidogo: kila mutu anawe mara moja, asinawe mara mbili. Choo ni cha lokateri. Mugeni ajue kwao pia kuna choo. Watu wote wanaojaa katika parseli hii bila mwenye parseli kujua, warudi walikotoka. Asanteni, na Mungu awabariki."

Nikarudisha nyuma nisikilize. Niliposikia tu "Kominike! Kominike!" mwili ukanisisimuka, nikaona hii sauti haihitaji kukaguliwa, nikazima. Sikusikiliza mpaka mwisho. Hiyo mutaiweka pembeni, tutaifikia.

Sasa, wiki ileile Mama Neema alikuja kuniulizia mara tatu. Mimi nikajua tu ni ule mufereji, ambao sikuwa nimeugusa hata kwa jembe. Mara ya kwanza nikamwambia muke wangu, "Sema siko." Mara ya pili, "Sema siko." Mara ya tatu hapakuwa na wakati wa kusema kitu, nikajitupa nyuma ya kitanda na soksi moja mukononi, na Mama Masika akaenda mulangoni akasema siko, kwa sauti ya mutu aliyechoka. Wakaongea kidogo, wakacheka kidogo. Alirudi akasimama juu yangu, mikono kiunoni, akiniangalia mimi niliye chini kwenye simenti. Akangoja niulize. Sikuuliza.

Jumamosi nikaamuka nikakuta Mama Masika ametoka mapema, amevaa kikwembe chake kipya, ameniachia chai kwenye termosi. Nikasema ni mambo ya kwaya. Nikatoka uwanjani na kikombe. Jamani! Shitingi kubwa, turubai la bluu, imevutwa toka paa la Mama Neema mpaka paa la Mwalimu, chini yake viti vya plastiki, mabenchi ya kuazima, maua ndani ya chupa, na nyuma ya nyumba kuna moshi wa sufuria kubwa kubwa. Na mutu hakuna hata mumoja! Nikawaza, huyu ni Mwalimu Yosue na watu wake wa maombi, tena bila kuniomba ruhusa. Hasira ikanipanda, ile hasira nzuri inayomufaa mutu mwenye megafoni. Nikaleta ngazi, nikaifunga megafoni kwa waya chini ya paa langu, juu kabisa ya tanki, uso wake unaangalia mulango, nikabonyeza, nikasikia "Kominike! Kominike!", nikashuka, nikafungia ngazi ndani ya depo, stoo yangu (ngazi yangu simuaminii mutu), nikatia ufunguo mufukoni, nikapita nyuma nikaenda dukani ninatembea kama waziri. Mutanielewa utamu wake: sauti inabaki inasema, mimi siko, nani atanijibu?

Kumbe lokateri wote, na muke wangu ndani yao, walikuwa wameshuka barabara kubwa kupokea wageni.

Haikupita nusu saa, simu ikalia, ni muke wangu.

"Papa Masika, uko wapi?"

"Dukani."

"Ufunguo wa depo uko wapi?"

"Mufukoni."

Nyuma yake nikasikia mutu anasema kwa ukali, "Warudi walikotoka!", nikashangaa ni nani huyo mwenye sauti ya heshima namna ile, halafu nikaitambua.

"Kuja mbio," Mama Masika akasema. "Leo njo wanamuposa Neema. Wakwe wamefika toka Kalengera, wako mulangoni, na wewe unawafukuza."

"Mimi? Mimi niko dukani!"

"Njo vile. Uko dukani, na uko unawafukuza."

Nikaruka juu ya pikipiki ya motari wa kwanza, sikuuliza bei. Tulipofika kona ya kwetu tukasikia king'ora, uuuuiii, uuuuiii, motari akasimamisha pikipiki pembeni akasema, "Papa, tungoje, mukubwa anapita." Nikamwambia, "Endesha. Mukubwa ni mimi." Kilichotokea ni hiki: Mwalimu Yosue, mutu wa roho nzuri, alipoona ngazi hakuna, alichukua muti murefu akajaribu kuiangusha megafoni toka chini, akaipiga mara mbili, na mara ya pili akaigonga ile butoni nyekundu. Sasa mutaa muzima ulikuwa umetoka. Wauza sambaza, dagaa wa ziwa, na beseni zao kichwani, vinyozi na vitana mukononi, wateja wao nusu kichwa, motari kama makumi mawili, wengine wanauliza moto uko wapi, wengine wanauliza ni nani amefika.

Na mbele ya mulango wangu, juu ya mawe meusi, wamesimama wakwe. Watu kumi na wane. Wanawake wamebeba vikapu vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, wanaume na makoti na madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, mbuzi mumoja amefungwa utepe shingoni, na mbele yao musemaji wao, Muzee Anastazi, murefu, kofia, fimbo, haangalii kushoto wala kuume. Mutu aliyekuja kuposa akiambiwa mulangoni arudi, huo si mchezo, hiyo ni kukataliwa mbele za watu, na maneno yaliyochukua miezi yanaweza kufia hapo hapo. Nikaona dirishani mwa Mama Neema mutoto wake, Neema mwenyewe, aliyetakiwa afichwe mpaka aitwe, anajipanguza macho na ncha ya kitambaa polepole ili poda isitoke.

Mama Neema akanipokea mulangoni, mikono kichwani. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

"Papa Masika," akasema, "nilikuja kwako mara tatu. Kukuomba uwanja. Na kukuomba ukae kwenye kiti cha baba, juu Neema hana baba, na hapa Goma hatuna muzee mwingine. Mara tatu, Papa. Mara tatu ukawa hauko."

Nikamugeukia muke wangu. "Na wewe, kwa nini haukuniambia?"

"Ulisema niseme hauko," Mama Masika akanijibu. "Mutu ambaye hayuko, ningemwambia wapi? Nilikungojea uulize."

Nikakimbia depo. Ufunguo ukaanguka mara mbili. Nikaweka ngazi, nikapanda, mutaa muzima unaniangalia miguu, nikabonyeza butoni nyekundu, king'ora kikakatika, watu wakapiga makofi, nami (mupumbavu) nikainua mukono kuwashukuru, na hapo chuma kikavuta pumzi kikaanza upya: "Kominike! Kominike!" Ninabonyeza hapa, ninabonyeza pale, wapi. Ikasema maji, ikasema choo, ikasema warudi walikotoka, ikawabariki watu, na mimi nikajua sasa imekwisha. Haikuisha. Toka ndani ya megafoni ikatoka sauti ya muke wangu:

"Papa Masika, unasema na nani humu?"

Na yangu, ya kunong'ona: "Nyamaza, niko ninarekodi!"

"Unarekodi ya choo? Wewe unakataza watu choo, na jana ulikaa mule saa nzima na redio?"

"Toka, Mama Masika, toka!"

Nikaangalia chini. Mimi njo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia ule mwisho, lakini wao walikuwa wameusikia kuanzia walipofika, tena na tena, na kati ya wale wageni kulikuwa mama mumoja mufupi, mwenye kikapu kikubwa kuliko vyote, ambaye alikuwa anausema pamoja na megafoni neno kwa neno, macho mbele, uso wa kanisani: "saa nzima na redio." Mabega ya mwenzake yalikuwa yanatetemeka. Muzee Anastazi peke yake alibaki kama mawe. Nikakata waya, nikang'oa betri kwa meno, zikaanguka ndani ya tanki, na kimya kikawa kikubwa sana.

Muzee akainua kichwa. "Wewe wa juu. Wewe njo wa saa nzima?"

"Njo mimi, muzee."

"Shuka basi. Mutu hasemi na wakwe akiwa juu ya ngazi."

Nikashuka. Akaniweka mbele yake, karibu kabisa, nikasikia harufu ya vumbi la barabara kwenye koti lake. Akasema, "Tulitoka Kalengera jogoo hajawika. Tumefika, tumepokelewa na sanduku. Sasa ninakuuliza wewe uliye na macho: turudi tulikotoka, ao tuingie?"

Midomo ikakauka, kama siku zote. Nikageuka kutafuta kitu cha kushika. Nikamuona Mama Neema hapumui. Basi nikasema, sijui yalitoka wapi, nikasema:

"Wazee wangu, mama zangu, ile sauti ni yangu. Siwezi kuikana, mumeisikia. Mimi ni mutu wa haya, ninaogopa watu wangu mwenyewe, nikaona nitume chuma. Huyu mama alinitafuta mara tatu anipe heshima ya kumusimamia mutoto wake, na mimi nilikuwa nyuma ya kitanda."

"Nyuma ya kitanda!" motari mumoja akarudia kwa nguvu, ili walio nyuma nao wasikie.

"Nyuma ya kitanda," nikakubali. "Kosa ni langu peke yangu, musilitie kwenye hesabu yake. Mutoto ni mwema, kila asubuhi ninamusikia anaimba akifagia huu uwanja, hata sehemu isiyo yake. Muingie. Ninawaomba. Nikiwaacha murudi, mimi nitahama Goma."

Muzee akagonga fimbo yake juu ya jiwe. Halafu akasema, "Kwetu, mutu aliyefunga mulango kwa mudomo anaufungua kwa mukono. Utatusalimia, mumoja mumoja. Utauliza jina. Utauliza habari ya safari. Na utangoja jibu."

Nikaanza. Kumi na wane! Mutu wa kwanza nilimuuliza jina huku ninaangalia viatu vyake, wa pili vilevile, wa tatu alikuwa yule mama mufupi, akashika kidevu changu akainua uso wangu kama wa mutoto, akasema, "Ninaitwa Mama Zawadi, safari ilikuwa ya mashimo, na redio gani unasikiliza?" Hapo nikacheka. Sikupanga, nikacheka tu, na yeye akacheka, na kumbe mulango wote ulikuwa unangojea mutu wa kwanza, juu kicheko kilipita kwa wakwe, kikapita kwa motari, kikaruka kikafika kwa wauza sambaza ng'ambo ya barabara. Mutu akaniinulia hata muguu wa ule mbuzi wa utepe. Nikausalimia, nikauliza habari ya safari.

Mama Neema akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka Munigi, nje ya muji.

Kwenye tanki mimi mwenyewe nikashika jagi la kuwanawisha. Muzee Anastazi akanyoosha mikono, akaniangalia. "Mara moja, ao mara mbili?" "Muzee, nawa mpaka kwenye kiwiko." Halafu akainama kwenye sikio langu, na ile sura ya mawe ikapasuka kidogo: "Na ile kitu ingine? Toka Kalengera, mutoto wangu. Yale mashimo." Nikamusindikiza, jagi mukononi, nikasimama mulangoni pa choo kama askari wa zamu, na alipochelewa kidogo kutoka, Mama Zawadi akapaza sauti toka chini ya shitingi, "Muzee, umechukua redio?" Hata yeye ndani tulimusikia anacheka.

Mambo mengine yalienda sawa kabisa. Nilikaa kwenye kiti cha baba. Neema alipotolewa na kuulizwa kama anawajua hawa watu, akasema anawajua, akaongeza kwamba anamujua pia yule anayewafukuza, watu wakaanguka kwa kicheko. Tukala sombe, yale majani ya muhogo, na sambaza na bugali, kasiksi ikazunguka, Mwalimu Yosue akageuza dumu tupu akalipiga kama ngoma, vizuri kuliko wapiga ngoma wa kweli, na mimi nikacheza na Mama Zawadi mpaka kiatu kikafunguka.

Lakini aibu haiishi na ngoma. Jumatatu jina lilikuwa limekwisha kushuka mutaa wote, njo zile wiki mbili za kuruka mawe. Na katika zile wiki, juu nilikuwa ninapita nyuma, nikawa ninapita mbele ya nyumba ya Mwalimu Yosue kila siku, na siku moja nikasimama, nikapiga hodi. Sikuwa na tangazo. Nikasema, "Mwalimu, nimekuja tu kusikia kama kuna neno."

Akaniangalia sana. Akaniingiza mpaka chumba cha kulala, akanionyesha juu. Bati lilikuwa limeoza kwenye kona, mwanga unaingia kama kwenye chujio, na chini kitanda kimewekwa katikati ya chumba, mbali na ukuta, kama meza ya daktari. Mvua ikianza, yeye na muke wake wanakisukuma huku. Upepo ukigeuka, wanakisukuma kule. Miaka mitatu. Na mimi ni muuza mabati!

"Kwa nini haukusema?" nikamuuliza.

"Papa, niliandika ndani ya kikundi chako, kisha nikafuta," Mwalimu akasema, bila ubaya. "Niliona pale watu hawasemi. Pale watu wanasomewa."

Kesho yake nilikuwa juu ya paa lake na bati jipya, misumari mudomoni, na muke wake ananielekeza toka chini kama ndiye fundi. Toka hapo nikaenda kwa wengine, kila nyumba ilikuwa na lake, na mengi niliyaona kwa macho kabla hawajamaliza kuyasema.

Mimi si wa kufundisha bayeri wenzangu, mutu aliyeonekana juu ya ngazi na king'ora mukononi hafundishi. Lakini nimeapa mbele ya Mama Masika: mutu ambaye mulango wake ninaufikia kwa mukono, sitamutumia tena karatasi, wala simu, wala chuma. Nitapiga hodi, nitavua kofia, nitakaa pale atakaponikalisha, na nitamuacha aanze yeye.